Maneno Kumi na Mawili ya Swaumu

Swaumu, fundi cherehani wa sokoni Newala, alikuwa na maneno kumi na mawili kichwani. Yalikuwa ya Kizungu, hayahusiani hata kidogo, na alifundishwa na mdogo wake Mujibu siku alipoondoka kwenda kupika melini. Mujibu alikuwa analipwa kwa sarafu za mtandaoni. Alifungua pochi ya sarafu hizo kwenye simu ya dada yake, akamwambia kwamba anayeyajua maneno yale ndiye mwenye pochi, asiyaandike popote. Swaumu hakuandika. Aliyatia kwenye wimbo wa unyago, akamdokeza Mujibu hivyo, kisha akawa anayaimba kimoyomoyo huku akikanyaga cherehani.

Ndani ya pochi ile kulikuwa na kisima. Sarafu zilikuwa za saruji na nondo, kisima cha maji ya mvua kijengwe nyumbani Chilangala kabla ya mvua za kwanza, mama yao apumzike kununua maji kwa ndoo. Huku kwetu juu mlimani Mungu ametupa korosho, upepo na midomo mirefu. Maji ametuachia tuhangaike wenyewe.

Asubuhi moja ikaingia barua pepe. Ilikuwa na nembo ileile ya kampuni ya pochi, rangi ileile. Ilisema kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti, na kwamba itafungwa muda si mrefu, sarafu zote zipotee, mwenyewe asipothibitisha. Bonyeza hapa, andika maneno yako kumi na mawili.

Akaacha cherehani. Alimpigia Mujibu, hapatikani. Akamwachia ujumbe wa sauti. Anastasia, fundi mwenzake wa barazani, akamuuliza kuna msiba gani. Swaumu akasema hakuna.

Wala msimwone mjinga. Mwanamke aliyechezwa unyago akikutana na mkubwa wake, hata njiani, anaweza kusimamishwa ajibu fumbo. Akijibu, ni wa ndani. Akikwama, watu wanauliza kungwi wake alikuwa anafundisha nini. Kwa Swaumu, kuulizwa maneno ili ujulikane lilikuwa jambo la heshima, na yeye hakuwahi kukwama hata mara moja. Akabonyeza. Akaanza kuandika, wimbo ukimwongoza, neno la kwanza, la pili, la tatu.

Alipomaliza la saba, vidole vikagoma. Wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo mkubwa hutangulia na mdogo huitikia, na hapo ndipo aliposhtuka. Tangu lini muulizaji akakaa kimya? Mkubwa huanza fumbo yeye, mdogo humalizia. Huyu hajaanza hata neno moja, anataka apewe yote. Basi huyu hajawahi kuingia ndani. Akarudi kuisoma barua upya, safari hii kwa jicho la mkwe mkorofi. Ilimwita Mpendwa Mteja, jina lake halikuwamo. Anwani ya mtumaji ilikuwa mchanganyiko wa herufi na namba, jina la kampuni halimo kabisa. Na hiyo haraka yote, ya nini? Mwenye nyumba haulizi ufunguo kwa kelele.

Akaufunga ule ukurasa. Lakini maneno saba yalikuwa yameshatoka.

Simu ikaita. Namba ngeni, ya nchi asiyoijua.

Sauti ilikatikakatika. Ikasema ni Mujibu, meli imetia nanga, ameazima simu ya mwenzake. Swaumu akaropoka habari ya ile barua na maneno saba. Sauti ikasema wezi wale huona kila herufi inapoandikwa, hivyo pochi ile si salama tena. Atamtumia anwani ya pochi mpya, azihamishe sarafu zote sasa hivi.

Swaumu alisimama. Huyu naye alikuwa na haraka. Huyu naye alizitaka sarafu zote. Sauti ilifanana na ya mdogo wake, lakini mtandao ule ungeweza kumfananisha naye hata mbuzi.

"Kama wewe ni Mujibu," akasema, "anza wewe."

"Nianze nini, dada?"

"Unajua mwenyewe."

Kidole kikasogea kwenye kitufe cha kukata simu. Swaumu akahesabu kisima kimekwenda.

"Mama atanipiga tena," sauti ikasema polepole. Kisha ikaanza kuimba ule wimbo wa unyago, wimbo ambao mwanamume hapaswi kuujua, na ambao mtoto mmoja tu mtukutu aliwahi kuusikiliza nyuma ya ua, akachapwa mwiko mpaka akaapa kuusahau.

Hakuusahau. Swaumu akaitikia mstari wa pili palepale barazani, Anastasia akimkodolea macho, machozi yakimdondoka juu ya kitambaa cha mteja. Anwani ya pochi mpya ilipoingia, akafungua pochi ile ya zamani, akaanza kukihamisha kisima cha mama yake.