Mwanamke Anayewapatanisha Samaki Wagomvi wa Chiayi

Saa tatu asubuhi, Kuo Pi-hsia amesimama juu ya ngazi fupi, mkono wake wa kulia umezama kwenye maji mpaka begani. Samaki mwenye nundu kichwani, mwekundu kama pilipili, anamjia mbio na kumng'ata kiwiko.

Pi-hsia hashtuki. “Niume tu,” anamwambia. “Nimeshaumwa na wakubwa kuliko wewe.”

Nyuma yake, Shih Ching-tu, fundi mstaafu wa vichwa vya treni mwenye umri wa miaka 76, anazunguka sebule na kikombe cha chai kilichopoa zamani. Leo ndiyo siku ya kuondoa wavu mgumu wa plastiki uliogawa tangi vyumba vitatu kwa wiki mbili. Wavu ukitoka, samaki saba waliolelewa mbalimbali watakutana uso kwa uso.

“Wakiuana je?” anauliza mzee.

“Fundi Shih, kaa chini. Ukitembeatembea hivyo unawatia wazimu. Na mimi pia.”

Katika mji wa Chiayi, kusini mwa Taiwan, Pi-hsia anajulikana kwa kazi moja ambayo wenye maduka wengi huikwepa. Huingia kwenye nyumba za watu na kuwafundisha samaki wakubwa, wale ndugu wa mbali wa sato, kuishi ndani ya tangi moja bila kutoana macho.

Ana umri wa miaka 57. Kwa miaka kumi na tisa alishona soksi kiwandani, mpaka kiwanda kikafungwa. Jirani aliyekuwa akiuza matangi akampa kazi ya kusugua vioo. Leo ana wateja thelathini na wawili, na kila anapofika nyumbani kwa mtu hulipwa dola elfu moja za Taiwan.

“Si utajiri, lakini nimesomesha binti wawili kwa mavi ya samaki,” anasema na kucheka mpaka mabega yanatikisika.

Mwanzoni mambo hayakuwa ya kuchekesha. Miaka kumi na moja iliyopita, daktari mmoja wa meno alimwomba aweke madume mawili kwenye tangi la chumba cha wagonjwa. Aliyaweka mchana, akaenda zake kula wali wa batamzinga. Kesho yake alikuta moja limekufa na la pili halina jicho.

“Nililia mbele ya wagonjwa. Watu walidhani nimeng'olewa jino vibaya,” anakumbuka. “Nilikaa wiki mbili bila kugusa maji. Halafu nikajiambia, kosa si la samaki. Mimi ndiye niliyeondoka.”

Tangu hapo hujiwekea sharti. Akishawakutanisha samaki, haondoki. Huketi kwenye kiti cha plastiki na kutazama, hata kama ni saa sita mfululizo.

Kazi ya Mzee Shih ilimjia kwa simu mwishoni mwa Februari. Mkewe, Yueh-chiao, alifariki kabla ya mwaka mpya akiacha samaki saba katika matangi matatu. Kulikuwa na dume la nundu aitwaye Jenerali na watano wanaoitwa kasuku kwa sababu ya midomo yao. Wa saba alikuwa jike la aina ambayo Wataiwani huiita ramani, kwa mabaka yake meusi na ya rangi ya machungwa. Huyo aliitwa Bibi. Alikuwa na miaka kumi na moja na urefu wa sentimita thelathini na mbili, na marehemu alimlisha kwa vidole.

Binti yao, Shih Wan-ju, alitaka baba yake ahamie kwake katika jiji la Taichung kabla ya Machi kwisha. Alikuwa na nafasi ya tangi moja tu.

“Maduka mawili yaliniambia niwauze au niwagawe,” anasema Mzee Shih. “Nimgawie nani? Mke wangu alikuwa akiamka anawaamkia wao kwanza, mimi baadaye.”

Pi-hsia alichagua tangi la urefu wa futi saba na machujio mawili makubwa. Ndani yake akapanga mawe na vyungu ili kila samaki apate mahali pa kujificha asionekane na mwenzake. Akawaingiza wanyonge kwanza, Jenerali mwisho.

“Aliyetangulia hujiona mwenye nyumba,” anaeleza. “Mbabe akija mwisho, anakuja kama mgeni. Anapunguza makuu kidogo.”

Sasa anauvuta wavu juu, polepole. Anazima taa na kuketi.

Jenerali anatoka upande wake, anatanua mapezi na kufungua mdomo. Mzee Shih anaruka kutoka kitini. “Mtoe! Mtoe!”

“Mwache. Huyo anaongea tu. Akimfukuza mwenzake kisha akarudi kwake, anaweka mipaka. Akimfukuza asirudi, hapo ndipo natia mkono.”

Jenerali anarudi kwake. Lakini upande wa pili maji yanachafuka. Bibi amemkamia kasuku mdogo kuliko wote, anamgonga ubavuni, anamfuata nyuma ya chungu, anamgonga tena. Magamba yanaelea. Pi-hsia yuko majini kabla mzee hajamaliza kuvuta pumzi, na wavu unarudi mahali pake.

Waliyemwogopa alikuwa Jenerali. Mkorofi ni kipenzi cha marehemu.

“Basi,” anasema mzee. “Bibi abaki, hao wengine wachukue wewe. Au... sijui. Yueh-chiao angenicheka. Amenipa mtihani akiwa kaburini.”

“Nipe mpaka kesho,” Pi-hsia anamjibu.

Kesho yake alirudi na ndoo mbili zenye mifuniko kwenye pikipiki yake. Ndani yake mlikuwa na samaki wanne wakubwa kutoka tangi la nyumbani kwake mwenyewe, aliowalea miaka sita.

Mzee Shih alimkodolea macho. “Saba wanapigana, wewe unaleta wengine?”

“Ndiyo dawa yenyewe. Akiwa na mmoja wa kumwonea, atamwonea mpaka amuue. Akiwa na kumi, hajui aanze na nani, anachoka kabla ya chakula cha mchana.”

Alipangua mawe yote upya ili asiwepo mwenye kona yake, akawalisha wakashiba, akaondoa wavu mara ya pili. Bibi alimfukuza mmoja, akakutana na wa pili, akageukia wa tatu, kisha akasimama katikati ya maji akipepea mapezi. Pi-hsia alikaa hapo kwa muda wa saa saba. Jioni Bibi alikula kandokando ya yule kasuku mdogo, na Mzee Shih akaingia jikoni akakaa huko kitambo kabla ya kutoka na machungwa aliyoyamenya.

Siku tisa baadaye walihama. Pi-hsia alisafiri nyuma ya lori pamoja na samaki, akishika mifuko isigongane. Alipofika Taichung alipangua mawe tena na kuketi tena.

Wan-ju alihesabu kwa kidole. “Baba, nilisema tangi moja.”

“Ni moja.”

“Sikusema samaki kumi na mmoja!”

“Hukuuliza,” alijibu mzee. Siku hizi, anasema Wan-ju, ni yeye mwenyewe anayetumbukiza vidole majini kumlisha Bibi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Zimepita wiki kumi na hakuna aliyekufa. Je, Pi-hsia hakuwaonea uchungu wanne wake? “Niliwaonea sana. Lakini kwangu walikuwa samaki tu. Kule wana kazi.”

Sasa anajenga bwawa la saruji la kubeba maji tani sita kwenye chumba cha chini alichokuwa akiegesha pikipiki. Ni kwa ajili ya samaki wakubwa ambao wenyewe wamewachoka na wangewamwaga mtoni. Tayari ana orodha ya kumi na wanane, wote wenye sifa ya ukorofi.

“Mwashi anakuja Jumatatu,” anasema akifuta mikono kwenye aproni. “Nimemwambia ukuta uwe mnene. Wanaokuja ni wakubwa, na mimi bado nina nguvu za kuwalea miaka ishirini mingine.”