Nilivyoanza kuuza magari ya kifahari, na safari ya Hanang ambayo sikuifunga

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mmebaki wengi humu wa kuniitikia marahaba. Wengine wote, habari za huko mliko.

Juzi kijana mmoja aliweka uzi hapa. Anauliza aanzeje kuuza magari ya kifahari, hana mtaji, ana kidato cha nne na mdomo tu.

Mlimjibu vizuri. Piga picha kali, fungua ukurasa, vaa upendeze. Mimi nikacheka peke yangu hapa Nangara, Babati, maana nilianza na hivyo hivyo viwili, kidato cha nne na mdomo.

Mdomo ulinifikisha mbali. Mdomo huo huo ndio ninaoujutia mpaka leo.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Chumvi sitaongeza, ya kwangu iko ya kutosha. Pale nilipokosea mimi nitasema nilikosea mimi.

Tuanze.

Mimi nililelewa na mjomba wangu Boay kule kijijini Singe, karibu na mji wa Babati, kaka wa mama. Nilichunga ng'ombe wake asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Nilipofaulu kwenda sekondari, aliuza dume lake bora ili mimi nivae viatu. Siku nilipomaliza kidato cha nne na majibu yakaja mabaya, hakunisema. Aliniambia, "Danieli, kichwa kimoja hakijai kwa njia moja. Nenda mjini ukatafute njia yako."

Nikaenda Arusha.

Nilizunguka miaka kadhaa na vibarua vya hapa na pale, mwisho nikapata kazi ya kuosha magari kwenye yadi moja. Jina la yadi naliacha, na mwenyewe nitamwita bosi tu. Ilikuwa ndio kwanza magari makubwa kutoka nje yameanza kuingia kwa wingi. VX nyeupe, VX za rangi ya maziwa, na Benzi moja nyeusi iliyokaa pale mpaka tukaizoea kama ndugu. Enzi hizo hatujaanza hata kuyaita mashangingi.

Wakuu, niacheni kidogo nikumbuke.

Harufu ya gari ambalo nailoni ya viti haijatolewa. Asubuhi baridi ya Arusha, kitambaa mkononi, unapitisha kwenye boneti mpaka unauona uso wako. Mimi mtoto wa Singe, mguu wangu umezoea umande wa malishoni, leo umekanyaga zulia la gari ambalo ukifunga mlango kelele zote za barabarani zinakatika.

Huo mlango ndio uliokuwa somo langu la kwanza. Bosi alikuwa anasema, "Wewe usiuze gari, uza mlango." Maana yake mteja akija usimfungulie boneti wala usimtajie injini. Mkalishe kwenye usukani, ufunge mlango polepole, halafu umwache humo ndani na ule ukimya. Akitoka, sura imebadilika.

Niliwatazama wauzaji wakifanya hivyo mwaka mzima huku mimi nimeshika ndoo. Siku moja muuzaji alichelewa na mteja akafika. Nikaweka ndoo chini, nikafunga mlango kama nilivyoona wanavyofunga.

Yule mteja hakununua. Lakini bosi aliniona. Akaniita ofisini, akaniambia kuna VX imekaa miezi mingi, nikiipeleka kwa mtu wa kwetu akainunua, napewa meza na kiti, ninakuwa muuzaji. Alinipa wiki mbili, dereva na mafuta.

Nadhani mmeshajua nilimpelekea nani.

Tuliingia Singe saa nne asubuhi. Watoto walikimbia nyuma ya gari, kina mama wakasimama na majembe. Mjomba alitoka zizini na gumboots zake, nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara mbili.

Nikamkalisha kwenye usukani, nikafunga mlango.

Mjomba alikuwa na sababu yake. Mama Paskali, mke wake, aliwahi kupelekwa hospitali kwa mkokoteni wa maksai akiwa na uchungu, mvua inanyesha, na mtoto hakufika. Tangu siku ile alikuwa anasema nyumba isiyo na gari haina mlango wa nyuma. Nami nilimwambia, kweli, kwamba siku za kawaida makampuni ya utalii yatalikodi na litajirudishia gharama lenyewe.

Alikuwa na akiba ya mbaazi na mahindi ya miaka. Alikuwa na kiwanja karibu na soko la Babati. Vyote vikijumlishwa, bado kulikuwa na pengo, na pengo hilo lingezibwa na zizi tu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, hasa ambao si wa huku.

Zizi la mtu wa kwetu ukiliona limejaa, usidhani wote ni wake. Mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki, mbali na kwake, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, wa kule wapone. Anayetunza anakunywa maziwa na anachukua samadi. Ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi. Kuna masikio yaliyokatwa alama, na kuna neno.

Karibu nusu ya zizi la mjomba ilikuwa ya mzee mmoja mfugaji wa tambarare za Hanang, anaitwa Gidamuna. Urafiki wao ulianza kwa baba zao. Mimi niliwachunga wale ng'ombe, nilikuwa namjua kila mmoja kwa tabia.

Mjomba hakutaka kuwamaliza wake mwenyewe, na wa rafiki yake alikataa kabisa kuwagusa. Nikamwambia twende kwa ombi. Gidamuna aombwe ruhusa, wauzwe, baada ya misimu miwili arudishiwe mitamba idadi ile ile. Mjomba akafikiri siku nzima. Jioni akasema, "Akikubali yeye, sina neno. Lakini aende mtu anayewajua wale ng'ombe mmoja mmoja. Nenda wewe."

Kwetu mtu anayetumwa neno la namna hiyo ndiye shahidi. Akirudi na jibu, jibu hilo ni kama mwenyewe amesimama pale.

Kesho yake nikafika stendi ya Babati. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, basi la Katesh, linaloelekea Hanang, halikuondoka. Wangeweza kunielekeza njia ya miguu, na lori la chumvi lilikuwa linajaribu kupita kesho yake.

Sitasingizia mvua. Niliogopa atakataa.

Nilipanga chumba gesti pale mjini siku mbili. Nilikula samaki wa ziwani, nikatazama viboko, nikarudi Singe na viatu nilivyovipaka tope kwa makusudi.

Nikasema, "Amekubali."

Mjomba akashukuru Mungu kwa sauti. Mama Paskali akanichinjia kuku.

Ng'ombe wa Gidamuna walienda mnadani wiki ile ile. Gari likabaki Singe. Mimi nikarudi Arusha, nikapewa meza, kiti na tai ya bosi ya zamani.

Wakuu, miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, siwezi kuwadanganya. Niliuza ya pili, nikauza ya tatu. Nilijifunza kujua mteja wa kweli kwa namna anavyoitazama sehemu ya kuweka mizigo. Jumapili nikija nyumbani naikuta VX mbele ya kanisa, mjomba kavaa koti, amekaa kushoto kwa dereva kama askofu. Nusu ya Singe walishapanda lile gari. Wajawazito watatu walifika hospitali nalo, na watoto wote walifika hai.

Halafu Gidamuna akaja.

Haya nilisimuliwa na Mama Paskali, mimi sikuwepo.

Alikuja na fimbo yake na kijana wake mmoja anayetaka kuoa. Kwa adabu za kwetu huanzi kwa kuulizia ng'ombe. Unauliza mvua, unauliza watoto, ndipo unauliza afya ya mifugo. Mjomba akadhani ni maongezi tu, akamwambia kwa furaha amepanga kununua mitamba mwaka ujao.

Gidamuna akaingia zizini, akapita katikati ya ng'ombe akiyashika masikio. Akatoka.

"Boay, wangu wako wapi?"

Mjomba akaonyesha banda la gari. "Si wamekuwa lile pale. Nilijua unafahamu."

"Nifahamu kwa nani?"

Mama Paskali anasema hapo ndipo mjomba alipoelewa. Hakujibu tena swali lile.

Mzee yule akaenda hadi kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti. "Huyu hazai," akasema. Akakataa maziwa, akakataa chakula, akaondoka.

Mjomba alimrudishia wote kutoka katika wale wake mwenyewe, idadi kamili na ndama juu. Zizi likabaki na ng'ombe wawili na punda. Watoto wa Gidamuna waliwaswaga bila kuaga.

Lakini wakuu, si ng'ombe waliomuumiza mjomba. Ni jina. Akifika mnadani, watu wanamcheka, "Leo umeleta wa nani, mzee?" Hakuna aliyemwekea mnyama tena, hata mbuzi. Kwetu hilo ni kubwa kuliko kufungwa.

Siku moja niko yadini na mteja, daktari mmoja na mkewe, nikamwona mjomba amesimama getini. Alikuja kwa basi. Nilitoka mbio, si kwa heshima, bali nisionekane naye. Nikamvuta nyuma ya matanki ya maji.

Hakupandisha sauti.

"Ulienda Hanang?"

"Sikwenda, mjomba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizia bei na kukuta ni ile ile aliyoambiwa njiani. "Basi twende ukamwambie. Mimi sihitaji kitu kingine. Mwambie tu."

Nilimwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Nina wateja, bosi hataelewa. Nikampa nauli. Aliishika ile nauli mkononi, akaiangalia, akanirudishia.

Mwisho wa mwezi ule sikwenda. Wala uliofuata. Nikaanza kujiambia mambo yamepoa. Nikaoa, nikajenga hapa Nangara, nikawauzia magari watu wakubwa ambao mkiwaona kwenye luninga mnasimama. Nyumbani Singe nilikuwa napeleka sukari na mafuta ya kula, nakaa dakika kumi, naangalia saa. Mjomba hakunikumbusha hata mara moja. Gari lilichakaa, likauzwa vyuma.

Alifariki msimu wa kuvuna mahindi. Watu walijaa, lakini Gidamuna hakuja.

Baada ya arobaini nikaendesha gari langu hadi Hanang. Barabara siku hizi ni lami, nilifika upesi kuliko nilivyotaka. Nilimkuta mzee amekaa nje ya nyumba yake, macho yameingia ukungu. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni Danieli, mpwa wa Boay, yule aliyekuwa anachunga. Nikamweleza yote. Stendi, gesti, tope la viatuni.

"Nilimuuliza, kwa nani," akasema. "Akanyamaza. Miaka yote hii nimeamini alinyamaza kwa sababu hakukuwa na mtu."

Akanigeuzia uso wake.

"Kumbe mtu alikuwepo, na alikuwa anamficha."

Akaomba fimbo yake, akasema nimpeleke Singe.

Tulipofika nilimshika mkono hadi kaburini. Akasimama, akaanza kuzungumza kwa lugha yake, taratibu, kwa muda mrefu, kama watu wawili waliokutana njiani na hawana haraka. Mimi siijui lugha ile. Mama Paskali alikuwa amesimama mlangoni, kajifunika kanga kichwani.

Mzee alipomaliza akanigeukia.

"Nimemwomba radhi kwa niliyoyafikiria. Sasa omba yako. Mimi nitakuwa ndani, nakunywa maziwa."

Nilibaki pale peke yangu. Nilishauza magari kwa maneno maisha yangu yote, na siku ile sikupata hata moja. Nilikaa chini kwenye udongo mpaka Mama Paskali akaja kuniita.

Mwezi uliofuata vijana wa Gidamuna walileta jike moja Singe, sikio limekatwa alama. Hawakumpa Mama Paskali. Walimwekea, kama zamani, aendelee kunywa maziwa. Majirani wote wakaona. Mjomba hakuona.

Kijana uliyeuliza aanzeje, nakujibu sasa. Magari haya hujiuza yenyewe, usihangaike sana na mdomo. Jifunze kuufunga mlango vizuri, heshimu kila anayeingia yadini. Ila mteja akikwambia pengo lake litazibwa na nini, muulize ni cha nani. Akikwambia kuna mtu wa kuombwa ruhusa, nenda ukaombe kweli, hata mauzo yafe. Meza na kiti nilivyopewa siku zile nilivikalia miaka mingi, na sikuwahi kukaa vizuri.

Wauzaji wenzangu wa zamani, na nyie mliokulia kwenye mazizi yenye ng'ombe wa watu, tiririkeni hapa chini, nitasoma yote, hata matusi ninayostahili. Lakini kama unaposoma hapa kuna mtu mzima unayedaiwa neno naye bado yuko hai, usicomment kwanza. Weka simu mfukoni, mfuate. Uzi huu hautahama.