Gari la Baba Kupakwa Rangi ya Geti

Baba alituachia shamba la tumbaku Usoke, nyumba ya Itetemia na Landrova moja kuukuu. Shamba na nyumba tuligawana bila kununiana. Kwa Landrova nusura tutoane macho.

Kaka yangu alitaka iuzwe. Alisikia kwamba Dar es Salaam wapo watu wanaotafuta magari ya zamani kwa udi na uvumba, akampata mmoja na kumtumia picha.

"Thamani yake ni sasa hivi," alituambia. "Watoto wetu wanajua otomatiki tu. Tukiwaachia hili la klachi, hata kulitoa hapo uani hawataweza. Nani atalitaka?"

Maneno yake yalikuwa na ukweli, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mama naye alisema tu, "Fanyeni mnavyoona." Mama akisema hivyo, ujue hataki. Ndilo gari lililompeleka hospitali kutuzaa sote wawili.

Mgeni huyo wa Dar es Salaam alipotuarifu kwamba anakuja, tulifanya kile ambacho nyumba yoyote ya kwetu hufanya. Ukuta ukapigwa chokaa, ua ukafagiliwa, jogoo akafungwa mguu. Kisha kaka akaligeukia gari. Lilikuwa la kijani kilichofifia, lenye kutu kidogo mlangoni. Akalipaka rangi ya mafuta ya bluu iliyobaki tulipopaka geti. Ngozi ya viti akaivua na kuichoma pamoja na takataka, fundi cherehani akashona vitambaa vya maua. Nilipolitazama limerembwa vile, kama bibi harusi anayeozwa kwa lazima, moyo uliniuma.

Mgeni akafika. Akamwamkia mama, akanywa maji, akaomba kuliona gari. Alipotoka nje alisimama ghafla. Akapitisha kidole mlangoni, akachungulia ndani, akainua boneti, akashika kichwa.

"Ile rangi yake iko wapi?"

"Tumelifanya jipya," kaka akajibu, kifua mbele.

"Ndugu yangu, jipya si ningenunua dukani? Mimi nimefuata lile la kwenye picha. Rangi yake ileile, viti vyake vilevile vilivyochakaa. Hivyo ndivyo watu wanavyovitaka."

Alikuwa muungwana, jogoo alimla na kumsifia mpishi. Lakini gari hakulitaka tena. Akaaga, akaenda zake.

Sijawahi kufurahia hasara kiasi kile. Nilikimbilia jikoni, nikaziba mdomo kwa khanga, nacheka hadi mabega yanatikisika. Nilipotosheka nikatoka kwenda kumbembeleza kaka. Nikamkuta amekaa kwenye usukani, anahema kama mtu aliyetua gunia.

"Unajua," akasema bila kuniangalia, "yule mgeni alipoinua boneti nilimwomba Mungu akatae."

Nikashika kiuno. "Sasa muda wote huu ulikuwa unatusumbua kwa nini?"

"Nilidhani mtakuja kunilaumu. Mimi ndiye mkubwa. Likiozea mikononi mwangu, mtasema nilikalia mali ya baba."

Kumbe mimi muda wote nilikuwa namwona mroho bure. Nikaingia, nikaketi karibu naye, tukacheka mpaka machozi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alimkalisha binti yake mkubwa kwenye usukani, akaanza kumfundisha klachi. Gari likaruka, likazima, likaruka tena, likaenda. Mama alipiga vigelegele barabara nzima ikasikia.