Mstari wa Njano

Siku ya kwanza mpiga pasi kuwaona, walikuwa wanaingizwa kiwandani kwa mlango wa nyuma, karibu na mfereji wa maji machafu. Watu wa rangi nyingine kabisa, wamefuatana kimya, isipokuwa mwanamke mmoja aliyecheka kwa sauti ya kupasua bati. Hazikupita siku nyingi wakamwita Kengele.

Kiwanda kilifua shuka za mahoteli. Msimamizi alichora mstari wa njano sakafuni. Upande mkavu, kwenye rola ya moto ya kunyooshea shuka, wakabaki watu wa kabila la mpiga pasi, kabila dogo lililotukanwa tangu enzi za babu zao. Upande wa maji wakawekwa wageni.

"Nyie angalau mna nafuu," msimamizi aliwaambia wapiga pasi. "Wale hawatashika kitu kikavu." Kisha akawagawia glavu za nailoni. "Wateja hawataki kulalia alama za mikono yenu."

Nafuu gani hiyo! Na watu wazima wenye wajukuu wakavaa glavu, wakajiona wamepanda cheo.

Mpiga pasi alikuwa mtu wa haya. Ukimsalimu anatazama viatu. Kengele alilijua hilo mara moja. "Shemeji!" aliita kutoka ng'ambo. "Hizo glavu, unakwenda kupasua mgonjwa?"

Watu wa majini wakaangua kicheko. "Usimjibu," binamu wa mpiga pasi alimnong'oneza. "Utaonekana mwenzao."

Akainamia shuka yake. Lakini kila asubuhi utani ulivuka mstari, maana watu hawakuruhusiwa kuvuka. "Shemeji, mkeo anakujua bila glavu?" Siku moja sauti ikamtoka, ndogo kama ya mtu anayeungama: "Ananijua kwa kukoroma." Kengele alicheka mpaka akakalia ndoo.

Kisha rola ikayeyusha glavu moja ya mpiga pasi. Nailoni ilimganda kiganjani, ikaendelea kuunguza, na yeye hata kupiga kelele aliona aibu. Kengele ndiye aliyepiga yowe kwa niaba yake. Alinyakua ndoo ya maji baridi, akaruka mstari, akauzamisha mkono ulioungua humo.

Msimamizi alifika, akazima rola, akaikagua shuka kwanza. Shuka! Halafu ndipo akaona miguu yenye maji mahali pakavu.

"Nani amekuruhusu kuvuka? Toka. Usirudi." Akawageukia wapiga pasi. "Wenzake wakileta maneno, leteni ndugu zenu. Nafasi zao nawapa nyie."

"Nyamaza tu," binamu alinong'ona. "Mdogo wetu hana kazi."

Mpiga pasi akatazama viatu vyake kama kawaida. Vilikuwa vimelowa maji ya ndoo ya Kengele. Hasira ya miaka yote ikampanda. Akaivua glavu ya pili kwa meno, akaitema miguuni pa msimamizi.

"Akitoka huyu, mimi sipigi pasi."

Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, ila rola ilikuwa kimya, na kila mtu akasikia. Akavuka mstari, akasimama majini. Bibi mmoja mpiga pasi akamfuata, kisha wengine. Binamu alivuka wa mwisho, akisonya.

Shuka zikarundikana. Dereva wa hoteli alipiga honi hadi akachoka. Jioni mwenye kiwanda akaja na maneno ya asali: glavu basi, hakuna atakayefukuzwa, nendeni mkalale.

Asubuhi askari wakawapisha wote getini, isipokuwa Kengele.

Mpiga pasi, mkono umefungwa bendeji, akasimama palepale. Safari hii hakutazama viatu. "Dada, walituahidi. Hatuingii bila wewe."

"Ingieni," Kengele alisema, na hakuwa anacheka. "Mkibaki huku nje, kufika mchana mwenye kiwanda ataleta wengine, awachoree mistari miwili. Na ule wa kwanza hautoki kwa sabuni, shemeji. Nenda na patasi."