Jino Lililokosa Paa

Juma hili nilipanga foleni katika ukumbi mmoja hapa mjini Kindu, ambako wageni wanaochunguza asili ya binadamu walikuwa wakiomba watu wateme mate ndani ya kichupa. Nyumbani tunajisifu kwamba babu alitoka Pwani, nami nilitaka ushahidi.

Mama aliyenitangulia hakutema. Alifungua pindo la kitenge akaweka mezani jino la utotoni, dogo kama punje ya mchele.

"Redio inasema munasomaka meno ya watu wa zamani. Hii ni ya binti yangu. Muisome, muniambie mutoto iko wapi."

Kijana wa mezani alivua miwani. "Mama, jino linaonyesha mababu walitoka wapi, miaka elfu nyingi nyuma. Mtu alipo leo halionyeshi."

"Mababu walikufa, ile najua. Huyu mutoto njo sijui iko wapi."

Alieleza kwamba jino lilitoka wakati wa vita, yeye na binti wakiwa wamekimbilia porini upande wa Kibombo. Kwetu mtoto hulitupa jino lake juu ya paa, na kule hapakuwa na paa. "Nikamwambia, nitakuwekea mpaka turudi." Mama alirudi peke yake.

Sayansi inayowafikia mababu wa miaka elfu nyingi ilishindwa kufika Kibombo.

"Sasa paa lipo, mama," kijana alisema taratibu. "Lirushe."

"Atatupa mwenyewe. Mimi naweka tu."

Akalifunga tena, mafundo mawili. Niliposogea mezani na kupewa kichupa, sikuwa na mate.