Mahali pa Kufunga Amplifaya

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Kaza, kwa sababu ya neno alilomwambia kila mtu aliyewahi kushika spana mbele yake: kaza tena. Alikuwa fundi wa muziki wa magari, na wateja walimtania kwamba hata mlango wa choo chake umefungwa kwa bolti nne. Alicheka nao, kisha akaenda kuangalia kama hazijalegea.

Banda lake la mabati lilikuwa mwisho wa lami, pale magari ya milimani yanapoanza kula vumbi. Ndani mlikuwa na benchi la mbao lenye madoa ya kuungua, spika zilizopasuka zikining'inia ukutani, makopo ya nati, na siti ya nyuma ya gari fulani lililokwisha kufa, ambayo wateja walikalia wakisubiri. Na walisubiri kweli. Kaza hakumkabidhi mtu gari kabla ya kulipeleka kwenye kiwanja cha mashimo nyuma ya banda, akalirusharusha juu ya mawe, akarudi kukaza upya kila alichokifunga. "Gari la lami hata mwanangu atalifunga," alisema. "La milimani linajifungua lenyewe."

Tusimsifu kupita kiasi, maana uangalifu huo ulikuwa na upande wa pili. Baba yao alipofariki, ndugu wote walikuwa ndani wanalia, Kaza yuko nje anatengeneza kipaza sauti ambacho hakuna aliyekihitaji. Mkewe alipokuwa anajifungua, alikutwa ameinama ndani ya gari la mkunga anabadilisha fyuzi. Mambo yakimlemea moyoni, mikono ilitafuta chuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa aina hiyo tu, na woga unaofanya kazi nzuri watu huuita bidii.

Dada yake ndiye aliyeujua woga huo, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Mama yao aliondoka mapema, na binti yule akashika jiko kabla hajafikia urefu wa kuona ndani ya sufuria. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akamkogesha, akamchapa alipostahili na wakati mwingine aliposingiziwa. Baadaye aliolewa na dereva mpole asiyejua kubisha, wakanunua gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, wakaweka spika mbili juu ya paa. Ikawa ndiyo kazi yao. Walizunguka vilimani wakitangaza chanjo, mikutano, misiba na ng'ombe waliopotea. Mume aliendesha, mke alitangaza, na kati ya tangazo moja na jingine walipiga muziki. Watu wa kule walisema hata betri ikifa, sauti ya mama yule itavuka mto kwa miguu yake yenyewe.

Ugonjwa ukachagua kumkamata kooni. Ulianza na ukwaruzo, watu wakamwambia anywe maji ya moto. Ukaishia kwenye wodi ya hospitali ya mjini, sauti imebaki mnong'ono, mwili umekwisha. Siku moja daktari alimwita mumewe pembeni, akamwambia kwa upole kwamba anaweza kumchukua mgonjwa nyumbani. Hakuhitaji kumfafanulia.

Kila alipokwenda kumtazama, Kaza hakukaa. Alikaza gurudumu la kitanda lililokuwa linayumba, akanyoosha komeo la dirisha, wauguzi wakamshukuru, akaaga. Jioni ile ya mwisho dada alimshika mkono wa shati kabla hajapata cha kutengeneza.

"Kesho mnanipeleka nyumbani," alinong'ona. "Mtanilaza nyuma, kukaa siwezi. Lakini muziki msiutoe garini."

"Dada, unahitaji kupumzika. Muziki wa nini?"

"Gari letu likifika kimya, watoto wangu watajua nimeletwa kufa. Nataka wausikie muziki tukiwa bado mbali, watoke barabarani, niwaone wakiwa wanacheka." Akavuta pumzi. "Njooni mapema, mdogo wangu. Usinifanyie ufundi wako."

Kaza alisema sawa. Alikuwa anaangalia komeo la dirisha.

Asubuhi shemeji yake alifika bandani na gari. Tatizo lilionekana mara tu mlango wa nyuma ulipofunguliwa: amplifaya inayoendesha spika za juu ya paa ilikuwa katikati ya sakafu, pale pale ambapo godoro lilitakiwa kulala. Kaza mwenyewe ndiye aliyeifunga pale miaka ya nyuma, na hakuna bonde lililokuwa limeitikisa.

"Tuitoe tu, shemeji," alisema mume wa dada. "Ile redio ndogo ya mbele itatosha. Sauti itakuwa ndogo, lakini twende."

"Alisema tusiutoe muziki. Redio ya mbele mtaisikia ninyi wawili tu." Kaza tayari alikuwa ameinama ndani. "Niihamishe tu. Si kazi kubwa."

Ndivyo ilivyokuwa, si kazi kubwa, kwa fundi mwingine. Kaza alianza kutafuta mahali. Chini ya siti ya dereva palikuwa na nafasi, lakini njiani kuna mto wa kuvuka, na maji yakiingia pale ndipo yanapotulia kwanza. Chini ya boneti ni jiko, hapafai hata kwa waya mbovu. Darini ingetikisika, na ikichomoka ingemwangukia mgonjwa. Mgongo wa siti ya nyuma ungefaa, ila siti yenyewe ilibidi ilazwe ili godoro lienee. Ukabaki ubavu wa gari, juu ya tairi la nyuma, kwenye bati nene. Pale maji hayafiki, hewa inapita, na bomba la mafuta liko upande wa pili. Alipapasa nyuma ya bati kwa vidole kuhakikisha, kisha akapapasa tena.

Lakini isogee mbele au nyuma? Ilitegemea dada atalala vipi. Akilaza kichwa mbele ataweza kuongea na mumewe njiani, basi amplifaya ikae upande wa miguu, karibu na mlango. Kaza alipanda ndani akalala sakafuni, akanyoosha mikono na kukunja magoti, akajaribu kuwa na urefu wa dada yake. Shemeji alimtazama kwa nje, akageuka kuangalia barabara.

Akakata ubao. Akakata vipande vya mpira kutoka kwenye tyubu ya zamani ili chuma kisigongane na chuma. Skrubu hakuzitaka, maana kwenye barabara ya mawe skrubu hurudi nyuma kidogo kidogo mpaka itoke. Alitoboa bati na kupitisha bolti ndefu upande hadi upande, na nyuma yake washa pana, kile kisahani cha chuma, ili bati lisichanike. Waya wa kutoka kwenye betri aliuvalisha mpira kila ulipopita kwenye tundu, kwa sababu ukingo wa bati ni kisu, na kisu hicho kikifika kwenye shaba gari linawaka moto na waliomo ndani. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna hata moja alilolifanya asubuhi ile ambalo mtu angesema ni kosa.

Simu ya shemeji ililia. Ilikuwa namba ya muuguzi, lakini sauti ilikuwa ya dada, na ilibidi wote wawili wainamie simu ili waisikie.

"Mmefika wapi?"

"Tunakuja, mke wangu. Tunamalizia," alisema mume.

"Huyo mdogo wangu yuko hapo?"

"Nipo, Dada. Nakufungia vizuri. Hutasikia hata mtikisiko."

"Njoo tu," alisema dada, na simu ikakatika.

Shemeji akasema, "Basi twende." Wahenga wetu hawakosi neno kwa pande zote mbili. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu huchagua inayomfaa. Kaza alikuwa ameishi na ile ya kwanza umri wake wote. Akasema hajawahi kutoa gari bila kulijaribu, na hataanza na lile litakalombeba dada yake. Shemeji alikuwa na haki ya kupiga kelele siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Alikaa kwenye siti ya wateja akasubiri.

Kaza akalipeleka gari kiwanjani. Amplifaya haikutikisika, muziki ukatoka safi. Lakini kwenye shimo la mwisho alisikia kitu kikigonga, tik, tik, chepesi kabisa. Akarudi bandani, akafungua kila alichofunga. Akang'oa ubao, akaangalia mpira, akakaza, akapeleka tena. Tik. Akafungua na plastiki ya ubavuni. Huko nyuma, chini kabisa, akakuta kitana cha dada yake, cha rangi ya samawati, chenye nywele mbili tatu bado zimejisokota kwenye meno. Amplifaya haikuwahi kulegea hata kidogo. Alikuwa ameivunja na kuijenga upya kwa ajili ya kitana.

Walipofika hospitali jua lilikuwa limeshavuka utosi. Kaza aliingia wodini akipangusa grisi kwenye suruali, na godoro walilolipanga garini alikuwa amelitandika shuka safi kwa mikono yake. Kitandani shuka lilikuwa limevutwa mpaka juu.

"Ametutoka muda si mrefu," alisema muuguzi. Alikuwa binti mdogo, na alijaribu kuwafariji kwa kile alichokuwa nacho. "Hakuteseka. Kila gari lililoingia uani alikuwa ananiambia nichungulie dirishani kama ndilo."

Mume alipiga magoti pembeni ya kitanda akalia kwa sauti. Kaza alisimama. Aliangalia dirisha, komeo lilikuwa zima. Aliangalia gurudumu la kitanda, lilikuwa zima. Hakukuwa na kitu chumbani mle kilichohitaji fundi, na hapo ndipo maumivu yalipompata, yote kwa pamoja, ya dada na ya baba na ya mama ambaye hata sura yake hakuikumbuka. Aliketi kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho hakuwahi kukikalia.

Walimbeba kwa gari lile lile. Nafasi ilitosha kabisa. Kaza alikaa nyuma, akampakata kichwa dada yake ili kisigonge sakafu, na njia nzima alimwomba msamaha kwa sauti ya chini, na njia nzima hakujibiwa. Walivuka mto, maji yakaingia chini ya siti ya dereva kama alivyojua yataingia. Walipanda mawe. Pale ambapo kwa kawaida muziki ulianza kusikika kijijini, shemeji alipunguza mwendo, mkono ukasogea kwenye swichi, kisha ukarudi kwenye usukani. Wakaingia kimya. Watoto walikuwa wameshatoka barabarani, kwa kuwa walilitambua gari kwa mbali, na hakuna aliyecheka.

Shangazi, dada wa baba yao, mzee aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo, alikuja mpaka mlango wa nyuma akaegemea fimbo. Aliugusa uso wa marehemu. Kisha akauliza swali ambalo wazee huuliza siku zote, kwa sababu jibu lake huwafariji wanaobaki.

"Nani alikuwa naye?"

"Shangazi, sisi tulikuwa..." alianza shemeji, mtu mwema yule, akitafuta namna ya kumsitiri.

"Hakuwa na mtu," alisema Kaza. "Mimi nilikuwa nafunga ile." Akaonyesha kwa kidevu ubavuni mwa gari, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika kichwa cha dada.

Shangazi alitazama kile chuma kinachong'aa juu ya tairi. Hakujua ni kitu gani wala kinafanya kazi gani, na hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Aliuliza kama mtu anavyoulizia kazi ya mwanawe.

"Na imekaa vizuri?"

"Imekaa, Shangazi," alisema Kaza, na akalia, mbele ya watoto na majirani, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuitwa Kaza.