Mikono Juu ya Kichwa cha Baba

Jumapili iliyopita, hapa Kasongo, wazee wa kanisa walimwita binti yangu mbele wamwekee mikono, kwa sababu anaenda Tchad kuhubiri Injili. Niliposikia harufu ya mafuta ya mawese waliyompaka, woga wa zamani ulinirudia.

Nilipokuwa mtoto kule Kabambare, wazee walikuja kwetu, wakampaka bibi mafuta hayo na kumwekea mikono. Kesho yake tukamzika. Basi mchana mmoja baadaye, nilipomwona baba amepiga magoti kanisani, mikono ya wazee walewale imejaa kichwani mwake na mama analia, nilijua anakufa. Nilipenya kati ya miguu yao, nikakamata shati la baba, nikapiga kelele, "Musimuguse! Baba haiko mugonjwa!"

Baba alifungua macho, akaniambia mimi bintiye: "Nyamaza, mama. Siko nakufa. Mungu ananituma mbali."

Kweli hakufa. Alirudi akiwa na mvi, nami nikamwamkia kama mgeni.

"Mama, na weye weka mukono," mchungaji aliniambia Jumapili iliyopita.

Leo najua mikono ile haiui mtu. Nikauweka wangu begani kwa binti yangu, vidole vikakamata gauni lake, vikakataa kuachia.